Bluu Anayoijua Mbung'o

Vuta kiti, wewe unayenisikiliza. Kama kiti hakipo, pindua ndoo uikalie, maana nitakayokusimulia yanahusu kukaa: yanahusu mzee aliyeacha kukaa, ng'ombe aliyekuwa karibu kuuzwa, na kitu kidogo mno kilichomo ndani ya jicho lako sasa hivi. Nitakwenda polepole. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya wasichana upande wa Mundika, na nimejifunza kwamba mwalimu akikimbia huwaacha wale wa dawati la nyuma, na mara nyingi hao ndio wenye swali zuri kuliko yote.

Nilizaliwa karibu na Funyula, kwa Wasamia, nikaolewa kwa Wateso, nje kidogo ya Malaba. Jumamosi nyingi mimi huwa huko kwa wakwe. Siku ya kwanza nilipofika nilifundishwa kumwita mama mkwe wangu "toto", kwa sababu kwa Kiteso hilo ndilo neno la mama. Nilibana meno nisicheke. Mwanamke mrefu kama mlango, mwenye cherehani yake barazani na uenyekiti wa chama cha akina mama kanisani, halafu mimi nimwite toto. Aliniona. "Cheka tu," akasema. "Ninyi wa Kiswahili mlichukua neno la mama mkampa mtoto. Sisi tumelirudisha." Tangu hapo tulielewana.

Na baba mkwe mambo yalikuwa mengine. Desturi ya kwetu na ya kwao hazitofautiani hapo: mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Sikai kwenye kiti chake. Simpiti kwa nyuma. Simwambii neno juu ya mwili wake wala yeye hanitajii lake; akiugua tumbo mimi nitasikia kwamba "mzee hajisikii vizuri", basi. Tukitaka kuambiana jambo refu, tunampitishia Toto, hata kama sote watatu tuko uani. "Mwambie mwalimu maji yamechemka," mzee atasema, na mimi nimesimama hatua chache kutoka kwake. Watu wa mjini hucheka wakisikia haya. Mimi huyapenda. Ni kama kuzungumza kwa kupitia dirisha: sauti inafika, na kila mtu anabaki nyumbani kwake.

Desturi hiyo nzuri karibu itupotezee ng'ombe.

Alikuwa ng'ombe wa maziwa, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, naye alikuwa na mimba. Toto alikuwa amekwisha kuyapanga maziwa kabla hayajatoka. Ya asubuhi yangekwenda kwenye nyumba ndogo ya wageni iliyo kando ya foleni ya malori, ambako madereva wanaosubiri kuvuka kuingia Uganda hutaka chai nzito. Ya jioni yangebaki nyumbani. Alikuwa hata amekwisha kuchagua ndoo.

Shida ilikuwa bonde. Chini ya boma kuna kijito chenye vichaka pande zote mbili, majani mazuri ya malisho, na mbung'o. Kama hujamwona mbung'o, ni nzi wa rangi ya kahawia, mkubwa kidogo kuliko wa jikoni, anayelaza mabawa yake mgongoni moja juu ya jingine kama mtu anayekunja mikono. Anakunywa damu, na akitoka kwa ng'ombe mgonjwa kwenda kwa mzima anaweza kubeba ugonjwa. Jirani alikuwa amepoteza ng'ombe kwa njia hiyo: manyoya yakasimama, mbavu zikaonekana, mimba ikatoka, kisha mnyama mwenyewe akalala asiinuke. Wetu naye alianza kuzubaa. Bwana mifugo akaja akamdunga sindano, na ng'ombe akarudia kula. Lakini alituonya. Sindano inatibu kilichomo ndani ya damu leo. Haiwafukuzi wanaosubiri bondeni kesho. Akiumwa tena mimba ikiwa kubwa hivi, huenda tukampoteza ndama, na mama yake vilevile.

Kwa hiyo alituachia mtego. Ulikuwa mkuukuu, umetumika kwingine: kitambaa cha bluu na kitambaa cheusi vimeshonwa vikikatizana, juu yake chandarua cheupe kilichopandishwa kama paa la msonge, na kileleni chupa ya plastiki. Mbung'o huiona bluu kwa mbali akaja, hutua kwenye weusi, kisha hupanda kuelekea kwenye mwanga, akaingia kwenye chupa, asijue njia ya kutoka. Bwana mifugo alituomba tuushone mfano wake, mitego kadhaa, tuipange kando ya kijito.

Kumpa fundi wa nguo mtego kama sampuli ni kumpa raha. Toto aliufumua wote, mshono kwa mshono, akaviweka vipande mezani akavipima. Cheusi alikuwa nacho. Bluu alikuwa nayo pia, tena nyingi: chama cha akina mama kilikuwa kimeshona sare mpya, na kitambaa kilichobaki kilikuwa kwenye sanduku lake. Alitoka nacho nje, akakiweka kando ya kile cha mtego, juani. Aliniita nitazame. Nilitazama. Vilikuwa rangi moja kabisa. Cha chama kiliteleza na kung'aa kidogo zaidi, basi.

"Bluu ni bluu," alisema Toto, na mkasi ukaanza kazi.

Mitego mipya ilipendeza. Wapita njia walidhani tunajenga vibanda vya maonyesho. Na kile kitambaa cha zamani, ambacho kilikuwa kimefifia kidogo sana ingawa kimekaa juani miaka, Toto hakukitupa, kwa kuwa hajawahi kutupa kitambaa. Kipande kikawa cha kushikia sufuria, vingine viwili vikawa foronya ya mto mdogo, kingine mfuko wa vitufe. Na kimoja kikubwa kikaenda kwenye suruali ya mzee. Suruali yenyewe ilikuwa nyeusi, ya kazi, nayo ilikuwa imelika pale suruali za wachungaji hulika kwanza.

Haya yote mimi niliyaona, isipokuwa hilo la suruali. Hilo halikuwa jambo la mimi kuliona.

Jumamosi iliyofuata tuliteremka kukagua chupa. Kulikuwa na kipepeo mmoja, mende wawili wa porini, na mbung'o mmoja aliyeonekana kama amepotea njia. Toto akasema labda ni mahali, tukaisogeza mitego. Akakumbuka kwamba bwana mifugo alisema harufu ya mkojo wa ng'ombe huwavuta. Tukaweka mikebe chini ya kila mtego, na bonde zima likanuka. Wiki iliyofuata chupa zilikuwa vilevile. Na mbung'o hawakuwa wameondoka, maana tulimkuta mmoja amejaa damu ubavuni mwa ng'ombe, mzito hata kuruka hawezi.

Mzee ndiye aliyekata shauri. Alimwambia Toto, nami nikisikia, kwamba dalali wa ng'ombe angepita Jumapili ya wiki ijayo baada ya ibada, na kwamba ni afadhali kumuuza mnyama angali amesimama. Toto alikwenda akaigeuza ile ndoo mpya ya maziwa, akaifunika uso chini.

Siku hiyohiyo niliona kwamba mzee hakai.

Chai ilipoletwa aliinywa akiwa amesimama, mgongo ukutani, kama askari wa mpakani. Toto alimsogezea kiti. Akasema amekaa sana katika ujana wake. Jirani aliyepita akamtania kutoka njiani, akamwuliza kama anangojea wimbo wa taifa. Mzee akainua kikombe akamsalimu, na hakukaa. Mimi niliwaza maumivu ya mgongo, lakini ningemwuliza nani? Nilikwenda zangu jikoni kusaidia kupika.

Toto alikuwa anasonga ugali, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nilidhani analia kwa ajili ya ng'ombe. Nikamshika mkono. Aligeuka, na nikaona kwamba alikuwa anacheka, kicheko kile cha kubana ambacho machozi hutangulia.

"Mwalimu, nikwambie neno, lakini hujalisikia."

"Sijalisikia, Toto."

"Mbung'o wanamuuma mzee."

"Wapi?"

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Pale. Kwenye kiraka. Wanamwacha ng'ombe, wanaiacha mitego yangu mizuri, wanamfuata yeye. Akiinama kung'oa kigingi, wanatua wote pamoja, kama wamealikwa."

Nilicheka naye mpaka tukashikilia meza. Kisha kicheko kikanikatikia katikati. Nilimwuliza kiraka hicho ni cha kitambaa gani. Akasema ni cha mtego wa zamani. Nikamwuliza suruali ni ya rangi gani. Akasema nyeusi.

Kiraka cha bluu juu ya nguo nyeusi, kinachotembea bondeni kila asubuhi.

"Toto," nikasema, "mtego unaofanya kazi tunao mmoja tu, nao unakunywa chai hapo nje."

Nilihitaji kukiona kile kiraka, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Mke wa mwana hawezi kuomba suruali ya baba mkwe. Hawezi hata kuitaja. Toto aliwaza kidogo, akachukua wembe wake wa kufumulia, akamwita mzee ndani. Nilisikia mazungumzo marefu ya Kiteso, sauti ya mzee ikipanda na kushuka. Baadaye Toto aliniambia kwamba mzee alimwuliza ni tangu lini shule ya wasichana inasoma suruali za wazee. Mwishowe Toto alitoka na kipande cha bluu chenye pembe nne, kimefuliwa, kimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Akanipa kwa mikono miwili. "Hiki ni kitambaa," alisema kwa sauti kubwa ya kusikika hadi ndani. "Kitambaa tu."

Nilikiweka juani kando ya kile cha chama. Mapacha, kama awali. Nikajikumbusha jambo ambalo huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka: jicho lako si shahidi pekee. Nilihitaji shahidi mwingine, na nilijua alipo.

Mjini Malaba kuna mama anayebadilisha fedha kwenye kibanda chembamba chenye giza, na juu ya meza yake ana taa ndogo ya kukagulia noti bandia. Mwanga wa taa ile ni wa zambarau hafifu, na zaidi yake kuna mwanga mwingine ambao hatuuoni kabisa. Nilimwomba nitumie taa hiyo kidogo. Akatazama vile vipande viwili, akanitazama mimi.

"Mwalimu, siku hizi Uganda wanalipa kwa vitambaa?"

Nikamwambia ni utafiti. Akasema utafiti wenye pasi namna hii hajauona, akaniwashia.

Kitambaa cha chama kilirudisha mng'ao wa zambarau, kama uso wa maji. Kiraka cha mzee kilibaki cheusi, kana kwamba pametobolewa tundu mezani. Mama yule aliacha mzaha. Akavishika, akavigeuza, akavitoa mlangoni kwenye jua, ambako vilikuwa rangi moja, akavirudisha chini ya taa, ambako havikuwa.

Ninataka uelewe vizuri, msikilizaji, kwa kuwa wengi huteleza hapa. Taa ile haikunionyesha anachokiona mbung'o. Macho yangu yalikuwa yaleyale. Ilichonionyesha ni kwamba vile vitambaa viwili si ndugu. Ni macho yetu tu yaliyovifanya ndugu. Hilo lilitosha kunirudisha nyumbani haraka.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya migomba, nilikaa jikoni na Toto na kuanza kumweleza. Mzee alikuwa nje, upande wa pili wa ukuta wa udongo, akichonga mpini. Nilijua alikuwa hapo, na yeye alijua kwamba ninajua. Nikapaza sauti kiasi.

Nilianza na upinde wa mvua. Sisi watu tunauona unaanzia nyekundu na kuishia zambarau, na tunadhani umeisha. Haujaisha. Ni kama barabara kuu pale mpakani: haiishii Malaba, inaendelea mpaka Kampala na kupita, kinachoishia Malaba ni kibali chetu. Ng'ambo ya zambarau mwanga unaendelea, na wapo viumbe wanaovuka bila kuulizwa. Nyuki anavuka. Kuku wako hao wanaodonoa uani wanavuka. Mbung'o anavuka.

"Wana macho makali kuliko yetu?" Toto aliuliza.

Nikasema si ukali, ni vifaa. Nyuma ya jicho, mahali panapopokea mwanga, kuna chembe nyingi, na ndani ya chembe hizo kuna protini zinazoitwa opsini. Opsini ndizo zinazougusa mwanga kwanza. Bila hizo jicho ni dirisha la nyumba isiyo na watu. Na opsini za wanyama wote zinafanana, kwa kuwa zimetoka kwenye kielelezo kimoja cha zamani sana. Kila ukoo ukakirekebisha.

Toto alielewa hapo hapo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. "Kama karatasi yangu ya kukatia gauni," alisema. "Ni moja, lakini huyu nampunguzia kiuno, yule naongeza bega."

"Hivyo hivyo. Punguza hapa, opsini inapenda mwanga wa bluu. Ongeza pale, inapenda nyekundu."

Mtu, nikamwambia, kwa kawaida ana opsini za aina tatu za kupambanua rangi, na moja ya kumsaidia gizani. Ng'ombe ana mbili za rangi, ndiyo maana majani mabichi na kanga nyekundu iliyoanikwa juu yake havimtofautikii sana. Kuku ana nne, na ya nne inamfikisha mwanzoni mwa ule mwanga wa ng'ambo; jogoo unayemwona mweusi tu, huenda tembe anamwona amevaa mapambo. Mbung'o naye ana zake, na mojawapo ni ya ng'ambo kabisa.

Kisu cha nje kiliacha kuchonga. Sauti ya mzee ikapita ukutani. "Mama, mwulize mwalimu. Sasa kitambaa cha kanisa kina kosa gani?"

Toto akanigeukia. "Mzee anauliza kitambaa chetu kina kosa gani."

Nikamweleza Toto, ili mzee asikie, kwamba hakina kosa lolote kwa ibada. Lakini kinarudisha bluu pamoja na ule mwanga wa ng'ambo. Kwetu sisi ile nyongeza haipo. Kwa mbung'o ni kama umechora mbingu kwenye kitambaa. Anaona uwazi, haoni mnyama wa kutua juu yake, na anapita. Kitambaa cha mtego kinarudisha bluu na kuumeza ule mwingine. Hiyo ndiyo bluu anayoijua yeye. Kwa nini bluu hasa, ilhali wanyama anaowanyonya si wa bluu, wataalamu bado wanajadiliana. Mimi sijui, na nilimwambia Toto kwamba sijui.

Toto alisonga mbele kwenye kigoda chake. "Na hizo opsini zinaugusaje mwanga? Hazina mikono."

Lilikuwa swali la dawati la nyuma, na nililipenda mno hata nikasahau nilipo. Nikasema ndani ya kila opsini mna kijiti kidogo kilichotokana na vitamini A, ile ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa tunavyohimizwa kuwalisha watoto. Kwenye giza kijiti hicho kimejikunja. Kimetulia ndani ya opsini, kimepinda pale katikati. Punje moja ya mwanga ikikigusa, kinanyooka ghafla. Kunyooka kwake kunaisukuma opsini, opsini inaiamsha chembe nzima, na habari inakimbia hadi kwenye ubongo. Huko ndiko kuona. Kila unachokiona kimeanza na kitu kilichopinda kikanyooka.

"Sijapata picha," alisema Toto. "Kimepindaje?"

"Kimepinda kama mtu aliyekaa," nikasema. "Halafu kinaguswa, na papo hapo kinasimama."

Neno lilipotoka ndipo nilipolisikia. Toto aliziba mdomo kwa kanga. Mimi nilitazama majivu. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya kabisa, kimya cha mtu anayeamua kama amekosewa heshima au hajakosewa. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kuvuka ule mstari hata kwa kidole.

Kisha tukasikia sauti ndogo, kama mlango mkavu unaofunguliwa. Ikakua. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kisu kikamwanguka, na alipopata pumzi alisema, wala hakumpitishia Toto: "Mwalimu, basi hiyo opsini ninaifahamu vizuri sana."

Kesho yake, Jumapili, Toto alikusanya bluu yote ya zamani iliyokuwa nyumbani. Alifumua foronya. Alimwaga vitufe. Alikiomba radhi kile cha kushikia sufuria. Aliviunga vipande vyote, na kile cha pembe nne akakiweka katikati. Mtego ulitoka na mishono mingi, umepinda upande mmoja, na harufu kidogo ya vitunguu. Tuliusimamisha kati ya mitego mizuri, nao ulionekana kama mgeni masikini kwenye arusi. Nikarudi shuleni.

Wiki hiyo nilifundisha vibaya. Jumapili ya dalali nilifika mapema, nikamkuta Toto ananisubiri njiani, na uso wake haukusema kitu. Akaniambia hajaenda kutazama, ameogopa kwenda peke yake. Tukateremka pamoja. Mitego ya kitambaa cha chama ilikuwa safi, inang'aa. Ule wa viraka ulikuwa na chupa ambayo kwa mbali nilidhani imejazwa majani ya chai.

Walikuwa mbung'o. Wamejaa robo ya chupa na zaidi, waliokufa chini na walio hai juu, wakivuma kama redio isiyoshika stesheni.

Toto aliifungua chupa kwa uangalifu, akaifunika kwa mfuniko, akapanda nayo nyumbani akiwa ameiinua mbele yake kama sadaka. Dalali alikuwa amekwisha kufika, mtu mnene mwenye viatu vya mpira na fimbo, akimzunguka ng'ombe huku akitikisa kichwa ili kushusha bei kabla haijatajwa. Toto hakumsalimia. Aliiweka chupa mbele ya mzee, juu ya kigogo.

Mzee aliishika akaitazama. Aliizungusha. Kisha akamgeukia dalali.

"Boss," alisema, "ng'ombe huyu ana kazi hapa. Karibu chai."

Dalali alisema ng'ombe hana wiki mbili za kuishi. Mzee akamjibu kwamba hata yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na jirani alipokuwa hawezi kukaa, na tazama. Kisha akavuta kiti chake na kukaa, taratibu, huku akijaribu upande mmoja kwanza. Toto alikwenda kuigeuza ndoo.

Kitambaa halisi cha mitego kilikuja baadaye kupitia kwa bwana mifugo, naye alikiri kwamba hakuwa amefikiria kutuonya kuhusu bluu nyingine. Toto alishona mingi, na majirani wakachukua sampuli, safari hii pamoja na kitambaa chenyewe. Mbung'o hawakwisha, lakini walipungua hata mtu akaweza kusimama kando ya kijito bila kujipigapiga. Ng'ombe alizaa alfajiri ya siku ambayo sikuwepo. Nilipofika, ndama alikuwa amesimama kwa miguu ambayo bado haijakubaliana, mwekundu kama mama yake, na madereva wa malori walikuwa wamekwisha kuuliza chai imechelewa wapi.

Na kile kitambaa cha chama? Toto hatupi kitambaa. Aliifumua ile mitego mizuri, na suruali nyeusi ya mzee ikapata kiraka kipya, laini, chenye kung'aa. Jirani alipokiona kutoka njiani alimwuliza mzee kama siku hizi amejiunga na chama cha akina mama. Mzee alisema ndiyo, na kwamba ameambiwa wanatafuta mweka hazina.

Mimi nilikuwa nimesimama pale uani, na niligeuza uso kama inavyopasa.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukitaka kushuka bondeni penye mbung'o, acha bluu na nyeusi nyumbani, vaa nguo ya rangi ya udongo, na kabla hujatoka mwombe mtu unayeweza kumwomba akutazame nyuma.